Nilidhani Ni Maji Tu

BARUA

Shikamoo, Mama Mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wawili, na ninaishi Kigoma mjini. Huu ni mwaka wangu wa saba wa kutoa dawa katika duka la dawa muhimu. Mafunzo niliyopata ni ya mtoa dawa, si ya uuguzi, ingawa mtaani kwetu wananiita "dokta" na sijawahi kuwasahihisha. Nakuandikia kwa sababu nina jambo ambalo mume wangu analijua nusu, mama mkwe wangu halijui kabisa, na mimi linaninyima usingizi.

Katikati ya masika, mama mkwe aliletwa kwetu kutoka kijijini, upande wa Kasulu, akiwa na homa ya mapafu. Alilazwa siku tatu, akawa anachomwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, ya mshipa kila asubuhi, akapata nafuu, na siku ya nne akaruhusiwa kwa sharti kwamba dozi nne zilizobaki azimalizie katika zahanati iliyo jirani nasi. Walimwachia kanula mkononi, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, imefungwa vizuri kwa plasta. Tulipewa vichupa viwili vya dawa ya unga pamoja na ampuli zake za maji, kila moja ya mililita 10. Viwili vingine tuliambiwa tukanunue nje.

Siku ya kwanza tulimpeleka zahanati kwa bodaboda, akarudi amelowa chapachapa na anatetemeka. Jioni ile mume wangu akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Wewe si unashinda na dawa mchana kutwa? Mama apandishwe pikipiki kwenye mvua, na mchomaji yumo humu ndani?" Nilijua kwamba sisi watoa dawa haturuhusiwi kuchoma sindano, tulielezwa hivyo darasani zaidi ya mara moja, lakini asubuhi ile nilikuwa nimemwangalia nesi akifanya na kazi yenyewe ilionekana nyepesi. Siku ya pili nikamchoma mwenyewe, kwa kichupa na ampuli ya hospitali, na hakuna lililotokea. Nakiri kwamba nililala nikijisifu.

Siku ya tatu nilifungua boksi la kununua. Umeme ulikuwa umekatika, mume wangu akawa ananimulikia kwa tochi ya simu. Ampuli iliyokuwamo ilikuwa ndogo, ya kioo, mililita tatu na nusu tu, nami nikajisemea kwamba hawa wameweka maji kidogo. Nikaivunja shingo, nikayavuta, nikatikisa kichupa mpaka unga ukayeyuka, nikasukuma dawa yote kwenye kanula kwa muda ambao haukufika dakika moja. Kabla sijachomoa bomba, mama akasema mdomo unakufa ganzi. Akasema ni kama analamba chuma. Halafu akashika masikio kwa mikono miwili, akasema nyenje wanalia ndani ya kichwa, macho yakamzunguka, na mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka. Nilimlaza chini nikamwita kwa jina lake, jambo ambalo mkamwana halifanyi. Baada ya kama dakika tano alitulia, akaomba maji ya kunywa.

Asubuhi niliitafuta ile ampuli kwenye ndoo ya taka nikaisoma juani. Ilikuwa lignokeini ya asilimia moja, na chini yake kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema kwamba ni ya sindano ya nyama pekee. Niliizungushia kitambaa nikaificha ndani ya kopo la chumvi, na imo humo hadi leo.

Tulipomrudisha hospitali, mume wangu alieleza kwamba mama alichomwa sindano ikamkataa. Daktari akauliza ni nani aliyechoma, naye akajibu kwamba ni zahanati. Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Daktari akaandika vidonge vya kumalizia, na kwenye jalada la daftari la mama akaandika kwa wino mwekundu kwamba ana mzio wa seftriaksoni. Sasa mama amepangiwa upasuaji wa uvimbe tumboni mwezi ujao, na daftari hilo ndilo litakalosomwa. Mwenyewe anamwambia kila mgeni kwamba sindano ile ni sumu. Wifi yangu anasema mkono wangu mzito, na kwamba nilimchoma mama kitu kingine. Kinachoniumiza ni kwamba, kwa namna fulani, amesema kweli.

Je, niliudhuru moyo wa mama? Niseme, au nikae kimya kwa kuwa amekwisha kupona? Nikisema, naweza kupoteza kazi na pengine ndoa. Nikinyamaza, siku ya upasuaji nitakaa wapi? Na majirani nao hawaachi kuja na sindano zao. Juzi mmoja alileta mtoto wa wiki mbili, nikamkataa, akaniambia nina maringo.

Mkamwana, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha ushauri nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi na nimevunja shingo za ampuli nisizoweza kuzihesabu. Nikikuelewa vizuri, unaniuliza maswali mawili, kuhusu moyo wa mama na kuhusu kusema au kunyamaza. Mimi nimeona na la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ni lile neno "zahanati" ambalo mume wako alimjibu daktari. Nitalifikia.

Nianze na mwili wa mama, maana hofu hiyo ndiyo inayokukaba. Lignokeini ni dawa ya ganzi. Huwekwa pamoja na seftriaksoni ya sindano ya nyama kwa sababu dawa hiyo ikiingia msulini huuma vibaya, na ganzi humpunguzia mgonjwa maumivu. Mshipani haina kazi hiyo. Ikiingia huko hukimbilia moja kwa moja kwenye ubongo na moyo, na ishara zake za mwanzo ndizo ulizoziandika bila kujua kwamba unaziandika: ganzi ya midomo na ulimi, ladha ya chuma, kelele masikioni, kizunguzungu, misuli kurukaruka. Kiwango kikiwa kikubwa hufuata degedege, na moyo unaweza kupiga polepole mno au kusimama. Asilimia moja ina maana ya miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo mama alipata kama miligramu 35. Hospitalini, madaktari huweza kumpa mgonjwa mwenye mapigo ya moyo yaliyovurugika lignokeini ya mshipa kwa kiwango kinachozidi hicho, lakini wanafanya hivyo kwa makusudi, mgonjwa akiwa amefungwa mashine ya kusoma moyo na vifaa vya kumwokoa vikiwa karibu, si kwa tochi ya simu. Dawa hiyo huondoka mwilini kwa muda wa saa kadhaa, na baada ya majuma haya yote hakuna kilichobaki. Ikiwa mama anaendelea kuona kizunguzungu au moyo kumwenda mbio, hilo ni jambo jipya la kuchunguzwa, wala usilibebe moja kwa moja kama deni la usiku ule.

Hata hivyo, naomba nikutilie shaka kidogo mahali ambapo una uhakika. Umekwisha kujihukumu kwamba ni lignokeini, na mimi pia, nikipima ulivyosimulia, naelekea huko: mama alikuwa amepokea seftriaksoni siku tano mfululizo bila tatizo, mambo yalianza dawa ikiwa bado inasukumwa, na yaliisha kwa dakika chache. Lakini mzio nao unaweza kuzuka kwa dawa ambayo mtu ameizoea, na unaweza kuanza haraka vilevile. Dalili zake ni vipele vinavyowasha, uso na midomo kuvimba, kifua kubana na kukoroma, presha kushuka. Je, uliitazama ngozi yake chini ya khanga, katika giza lile? Midomo ilikufa ganzi tu, au ilivimba pia? Alipumua kwa sauti gani? Tena dawa ulisukuma kwa chini ya dakika moja, wakati gramu moja ya mshipa huyeyushwa kwa mililita 10 za maji ya sindano na kusukumwa taratibu, dakika mbili hadi nne, na kasi peke yake inaweza kuushtua moyo. Sikuulizi haya ili nikuongezee mashitaka. Nakuuliza kwa sababu kumbukumbu yako ya zile dakika tano ndiyo ushahidi pekee uliopo, na daktari yeyote atakayetaka kujua ukweli atauliza maswali hayohayo.

Hapa niseme neno kuhusu hilo jina "maji", ambalo nadhani ndilo lililokuponza kuliko kiburi unachojilaumu nacho. Sote tunasema maji ya sindano, hata wodini tulisema "nipe maji yake", na ulimi ukizoea hivyo jicho nalo huacha kusoma. Kumbe maji ya kuchanganyia dawa ni sehemu ya dawa yenyewe. Artesuneti, ambayo mkoa wetu wenye malaria nyingi unaijua sana, haichanganywi na maji matupu ya sindano: unga wake wa miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita moja ya sodiamu baikaboneti ya asilimia tano, hutikiswa mpaka uwe maji maangavu kama kioo, ndipo huongezwa maji ya chumvi, mililita tano kwa sindano ya mshipa na mililita mbili kwa ya nyama, na ukibaki na ukungu hutupwa. Benzathini penisilini, ile inayotoka kama maziwa, ni ya nyama tu, na ikiingia mshipani inaweza kuua. Na huyo mtoto wa wiki mbili uliyemkataa: seftriaksoni ikikutana na kalsiamu, kama iliyomo kwenye dripu ya Ringer, huganda chembechembe, na watoto wachanga wamepoteza maisha kwa mchanganyiko huo. Sijui jirani yako alikuletea dawa gani, lakini maringo hayo, mwanangu, endelea nayo.

Wala usidhani makosa haya huwapata wasiosomea tu. Mwezi Julai mwaka 2018, katika nchi ya visiwa ya Samoa, watoto wawili walikufa dakika chache baada ya kuchanjwa surua, kwa sababu unga wa chanjo ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli iliyokwisha muda wake, badala ya maji yake. Wauguzi wawili waliosajiliwa walihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Lakini kilichonifanya nikukumbushe kisa hicho ni yaliyofuata. Kabla ya sababu kujulikana, lawama ilikwenda kwa chanjo. Utoaji wake ulisimamishwa kwa miezi kadhaa, wazazi wakaiogopa, na mwishoni mwa mwaka 2019 surua ilipoingia ilikuta watoto wengi hawana kinga. Walikufa watu 83, wengi wao watoto wadogo. Mchanganyiko mbaya uliua wawili, na lawama iliyoelekezwa kwenye kichupa kisichohusika ikasaidia kuwaua wengine wengi zaidi.

Unaona ninakokwenda. Ule wino mwekundu kwenye daftari la mama unaweza kuwa umekielekeza kidole kwenye kichupa kisichohusika. Seftriaksoni ni miongoni mwa dawa ambazo hospitali zetu huchoma mara kwa mara kabla ya upasuaji ili kuzuia maambukizi, na mgonjwa aliyeandikiwa mzio atatafutiwa nyingine, ambayo pengine haipo siku hiyo au haimfai vizuri. Kuna na upande wa pili ambao sijaona kama umeufikiria. Dawa za ganzi zinazotumika kwenye upasuaji, ikiwamo bupivakeini inayochomwa mgongoni, ni za kundi moja na lignokeini. Mzio wa kweli wa lignokeini ni nadra sana, na yaliyompata mama hayafanani nao, lakini mtaalamu wa usingizi ana haki ya kujua kwamba dawa hiyo ilipita mshipani mwake na ikamfanya nini. Kwa daftari lilivyo sasa, anachoambiwa ni jina la dawa moja kati ya mbili zilizoingia.

Umeweka mbele yako njia mbili tu, kusema na kunyamaza. Nadhani zipo zaidi, kwa sababu kusema kwa daktari, kusema kwa mume, kusema kwa mama na kusema mbele ya wifi ni mambo manne tofauti, na hakuna anayekulazimisha kuyafanya siku moja.

Unaweza kuanza kwa daktari, au kwa mganga mfawidhi wa kituo, ukaenda peke yako na ile ampuli. Faida yake ni kwamba daftari linaweza kusahihishwa kabla ya upasuaji, na kwamba tukio linaweza kujazwa kwenye fomu ya taarifa za madhara ya dawa inayokwenda TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini; kazi ya fomu hiyo ni kufuatilia usalama wa dawa na si kutafuta wa kumfunga. Lakini sitakuficha hatari. Mgonjwa wa daktari huyo ni mama mkwe, si wewe, kwa hiyo siri anayoitunza ni ya mama, na anaweza kuona kwamba mama ana haki ya kuelezwa. Tena wewe ulivuka mpaka wa kazi yako ukiujua. Inawezekana jambo likaishia kwenye maonyo, na inawezekana likafika kwa wanaosimamia kibali cha duka. Kabla ya hapo ungeweza kumtafuta mfamasia unayemwamini, ukamweleza na kumwuliza mambo kama haya huenda vipi.

Unaweza kuanza kwa mume wako. Alikuwa na tochi mkononi, alikusukuma kwa maneno, na ni yeye aliyesema "zahanati". Anaweza kukasirika kwamba ulimficha ampuli. Anaweza pia kupumua, kwa sababu mtu aliyedanganya kwa ajili yako huenda naye halali. Nadhani umemchukulia kama hakimu wa ndoa yenu katika jambo hili, na huenda yeye anajiona mshtakiwa mwenzako. Wewe ndiye unayemjua. Ninachojua mimi ni kwamba pale zahanati yuko nesi aliyefanya kazi yake sawasawa siku ya kwanza, na leo jina la zahanati yake linatajwa kwa jambo asilolifanya. Sitaki kukuongezea mzigo, ila nisingekuwa mkweli kwako kama ningepita kimyakimya.

Kumwambia mama mwenyewe ndiko kugumu kuliko kote, na pengine ndiko unakokutamani. Ulipomwita kwa jina lake usiku ule hukuwa unavunja heshima. Ulikuwa unamshika asiende, na sidhani kama amesahau. Baadhi ya wakwe wakielezwa hufunga mlango, wengine hukaa kimya siku tatu kisha wakaomba chai. Ukimwambia, mweleze kwa maneno mepesi kwamba dawa aliyoiita sumu huenda ndiyo iliyomponya mapafu, na kwamba kilichomtetemesha kilikuwa kwenye maji yake. Lakini jiulize kwanza kama unataka kumwambia ili ajue, au ili akusamehe, maana ukienda kwa la pili na asikusamehe palepale, utarudi na mzigo mkubwa kuliko uliokwenda nao. Kuhusu wifi, sioni haraka yoyote. Maneno yake hayatabadilisha chochote kitakachotokea chumba cha upasuaji.

Na unaweza kunyamaza. Sitakutisha kwamba ukinyamaza mama atakufa, kwa sababu si kweli. Huenda akapewa dawa nyingine akapasuliwa na akarudi nyumbani salama. Ila utakuwa umemwachia bahati kazi ambayo karatasi moja ingeweza kuifanya. Katika haya yote nakuachia uchague mwenyewe mlango na siku. Jambo moja tu ndilo nitakalolishikilia, nalo ni kwamba wale watakaomlaza mezani wapate kujua, kwa mdomo wa yeyote, kwamba siku ile mshipani ziliingia dawa mbili. Hata mume wako anaweza kulisema hilo.

Kwa sasa, itoe ampuli kwenye kopo la chumvi, kwanza kwa sababu ni kioo kilichovunjika na nyumba ina watoto. Itie kwenye kichupa kikavu chenye mfuniko, pamoja na boksi lake kama bado unalo, na kwenye karatasi andika tarehe, saa, ulichochanganya, ulivyosukuma kwa muda gani, na kila alichosema mama kwa mfuatano wake, ganzi, chuma, nyenje, mkono. Andika sasa, wakati bado unakumbuka ni mkono upi. Ukikata shauri la kwenda, nenda na daftari lenyewe, maana marekebisho yanatakiwa kuandikwa kwenye jalada lilelile lenye wino mwekundu, na kutiwa saini na aliyeyafanya.